Mtoto Akiuliza Habari za Watumwa



Tangu mwaka 2024 mashule yetu yameanza kuufuata mtaala mpya, na ndani yake limo somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Wazazi wengi walilisifu jina lake, kisha wakarudi shambani. Lakini katika historia ya nchi hii imo habari ya biashara ya watumwa, na habari ya namna hiyo mtoto haiachi darasani pamoja na chaki. Huja nayo nyumbani. Jioni mama anasonga ugali, mtoto amekaa karibu na moto, mara auliza: "Mama, na sisi tuliuzwa? Nani alituuza?"

Mama wengi hujibu, "Kamwulize mwalimu wako." Na mwalimu ana nini? Ana kurasa chache za kitabu, na darasa limejaa hata dirishani. Mimi kabla ya kukabidhiwa vitabu vya ubatizo na mihuri ya parokia nilisomea ualimu, nami nawahurumia waalimu kwa jambo hili. Somo la sehemu za ua halimlizi mtu. Somo la utumwa laweza kumfanya mtoto amchukie jirani yake, au ajidharau mwenyewe, na yote mawili katika kipindi kimoja kabla ya kengele kulia. Basi leo nasema na wazazi na waalimu pamoja, maana mzigo huu mmoja peke yake hawezi kuuinua.

Sikilizeni jinsi somo hili lifundishwavyo mara nyingi. "Waarabu walikuja, wakawakamata watu, wakawauza. Wazungu wakaja, wakawafungua. Andikeni." Wakati wa mapumziko mtoto atoka nje, amwendea mwenzake aitwaye Salimu au Zuhura, ambaye baba yake ana duka pale sokoni, amwambia, "Ninyi ndio mliotuuza." Mwenzake hajui la kujibu. Yeye alizaliwa Tarime kama huyo mwingine, na bei ya sukari ndiyo biashara pekee aliyopata kuiona.

Sisemi kwamba maneno yale ya ubaoni ni uongo mtupu. Wafanya biashara Waarabu walikuwako, na meli za Waingereza ziliyakamata majahazi ya watumwa baharini. Lakini somo hilo limekatwa kichwa na miguu. Halisemi mtu aliingiaje katika kamba, wala halisemi mali iliyotokana naye ilikwenda wapi.

Mwalimu, anza na mtu mmoja. Kwa watoto wadogo namshauri aanze na Swema. Huyu alikuwa msichana wa Kiyao, wa upande wa kusini, katika miaka ya 1860. Baba yake alikufa, njaa ikaingia, mama yake akakopa nafaka kwa jirani. Alipokosa kulipa, mwenye deni akamchukua Swema badala ya deni, akamtoa kwa msafara wa pembe. Mama akaomba achukuliwe naye, akabebeshwa pembe ya ndovu, ili asiachane na mtoto. Nguvu zikamwishia njiani, wakamwacha. Swema akafika Unguja amedhoofika hata wakamdhania amekwisha kufa, wakamviringisha katika mkeka na kumzika akingali na pumzi. Kijana mmoja akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misioni. Hapo akapona, akasimulia habari zake. Zikaandikwa kwa Kifaransa, zikachapwa mwaka 1870.

Watoto wakisikia habari hii hawaulizi kwanza juu ya Waarabu. Huuliza juu ya deni. Debe ngapi? Mbona jirani hakungoja mavuno? Kwa nini ndugu wa baba hawakusaidia? Hayo ndiyo maswali ya historia yenyewe, nao wameyapata bila kusukumwa. Wakubwa kidogo waambiwe na jambo jingine: maneno ya Swema yalipitia mkononi mwa mapadre waliotaka kuwagusa moyo watu wa Ulaya ili wasaidie misioni, kwa hiyo twamsikia Swema, na papo hapo twawasikia wao pia.

Sasa, sisi wa huku Mara. Misafara mikubwa haikupita Tarime. Njia zilizokuwa kuu zilitoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, na kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hata Ujiji. Nyingine ilitoka Pangani, ikapita nchi ya Wamasai. Kwa sababu hiyo wengine husema, "Mambo ya utumwa ni ya watu wa pwani, hayatuhusu." Haya, waulizeni wazee wa Serengeti habari za njaa kubwa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe katika nchi zote hizi, ukafuatana na ndui na ukame. Mwana historia Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa kule magharibi ya Serengeti, akaandika waliyomsimulia. Walisimulia kwamba watu walikwenda mpaka Usukuma kutafuta chakula, na wako waliowaacha watoto wao huko ili wapewe nafaka. Hapakuwa na mnyororo wala jahazi. Palikuwa na mzazi, mtoto, na gunia. Ndugu zangu, mimi siwezi kuwahukumu wazazi wale. Aliyemwacha mtoto mmoja huenda alirudi na chakula cha kuwaponya watatu. Lakini mtoto yule aliyeachwa, je? Aliishi katika nyumba ya watu, akiitwa aliyenunuliwa, na wakati mwingine wajukuu zake bado hutajiwa neno hilo pombe ikizidi au mahari ikijadiliwa.

Ndiyo sababu nasema somo hili si la mbali, na tena halina mkosaji mmoja. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kwamba apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Wafaransa kulima. Baadaye Sultani Said alihamishia makao yake Unguja, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakataka mikono mingi. Wareno waliwapeleka watu kutoka Msumbiji hata Brazili. Watemi na wakubwa wa bara waliuza mateka wa vita, nao walipokea bunduki na nguo. Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa Unguja aliyefariki mwaka 1905, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na habari hizo zikachapwa. Mwalimu akizipata katika maktaba ya mkoa, asome aone jinsi mtu anavyoweza kueleza hesabu ya pembe na vita bila kuuliza hata mara moja jina la aliyebeba.

Nimetaja nguo. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana sijaona jambo lifaalo zaidi kwa kufundishia watoto wa kijijini.

Bibi zetu walijua nguo nyeupe, nzito, iitwayo amerikani. Wengine wakaiita merikani. Jina hilo si la bure. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikapakiwa katika meli za bandari ya Salem, ikaletwa Unguja. Mwaka 1833 Sultani Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na tangu hapo merikani ikaingia bara kwa wingi hata ikawa kama fedha. Kwa nguo hiyo ulinunua chakula njiani, ulilipa hongo ya kupita nchi ya mtemi, ulinunua pembe, na ulinunua mtu. Je, pamba ya nguo hiyo ililimwa na nani? Kabla ya vita vyao vya mwaka 1861 hata 1865, pamba hiyo ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani, watoto na wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika ya magharibi. Mtu mweusi huko alichuma pamba kwa kiboko; pamba ikawa nguo; nguo ikavuka bahari, ikaja kumnunua mtu mweusi huku. Nazo pembe alizobeba huyu wa huku zikapelekwa Marekani, katika miji midogo ya Connecticut iitwayo Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibao vya kinanda. Watu wakapiga nyimbo juu yake jioni sebuleni.

Mwalimu aje darasani na kipande cha nguo nyeupe ya pamba tu, akiweke juu ya meza, awaulize watoto kimetoka wapi. Hilo ni somo la juma zima. Tena watoto wetu wataona kwamba habari za watu weusi wa Marekani ni za ndugu zao. Huko, mwalimu mmoja aitwaye Carter G. Woodson, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, aliona mashule hayafundishi chochote juu ya watu wake. Mwaka 1926 akatenga juma moja la mwezi wa Februari kwa historia hiyo, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti dogo la kuwasaidia waalimu. Tangu 1976 juma limekuwa mwezi mzima. Alianza na waalimu, kwa kuwa alijua mwalimu asiye na kitu mkononi ataruka ukurasa.

Na habari za kufunguliwa? Watoto wajue tarehe, maana zinashangaza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja, naye alikubali kwa kushurutishwa na Waingereza. Mahali pa soko hilo, Mkunazini, ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa lao kubwa, na lipo hata leo. Lakini kufunga soko si kufungua watu. Hali ya utumwa Unguja haikuondolewa katika sheria hata mwaka 1897. Bara, Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ndio wawe huru, na utumwa wenyewe katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Hesabuni vizazi. Si mbali.

Wala tusiwafundishe watoto kwamba watumwa walikaa tu wakingoja kufunguliwa. Wako waliotoroka, wakajenga vijiji vyao wenyewe, kama vile Kikogwe na Makorora karibu na Pangani, wakavilinda kwa silaha. James Mbotela wa Mombasa, mzao wa watu waliokombolewa, aliandika kitabu kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ni kitabu chenye faida, ingawa kwa maoni yangu kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Kisomwe pamoja na habari za Tippu Tip, na watoto wakubwa waulizwe: huyu ameona nini, na yule hakuona nini?

Sasa nije kwetu wenyewe, Wakatoliki. Twapenda kusimulia Bagamoyo, na ni haki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1868, wakakomboa watu kwa fedha, wakawajengea kijiji. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alizunguka miji ya Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa, na mwaka huo huo Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya jambo hilo. Lakini mwalimu Mkatoliki asikomee hapo. Wale waliokombolewa Bagamoyo walilima mashamba ya misioni chini ya amri kali, na wengine walitoroka, jambo linaloonyesha kwamba walikuwa na fikira zao juu ya maana ya uhuru. Huko Maryland, Marekani, Mapadre Wajesuiti waliuza watumwa wao 272 mwaka 1838, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi wa Februari 1992, aliomba msamaha kwa dhambi hiyo ya Wakristo. Papa amekwisha kusema. Karani wa parokia aogope nini? Kijana akiyasikia haya kwanza kwa mtu anayeichukia dini, atatuuliza kwa nini tulimficha, naye atakuwa na haki.

Liko jambo jingine ambalo lahitaji masikio tu, halihitaji kitabu. Ni maneno. Zamani watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, yaani wasio wa dini yao na desturi zao, watu ambao waliweza kununuliwa. Na mtumwa aliyefika pwani karibuni, asiyejua Kiswahili wala kazi za huko, aliitwa mjinga. Mtumwa aliyezaliwa huko huko aliitwa mzalia. Mtu huru mwenye heshima zake ndiye mwungwana. Haya, hesabuni ni mara ngapi kwa siku maneno mawili yale ya kwanza yanasemwa uani kwetu, na mara ngapi darasani. "Mshenzi wewe, umemwaga maziwa!" "Mjinga, kaa chini!" Mtoto anaitwa kwa jina la sokoni na mtu ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa akimfundisha ubaya wa soko lile. Mimi naona mwalimu akiandika maneno hayo ubaoni na kueleza yalikotoka, watoto watayakumbuka kuliko tarehe zote nilizozitaja hapo juu.

Neno moja kwa waalimu vijana. Msiwafunge watoto kamba. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule nisiyoitaja, nilimwona mwalimu akiwapanga watoto mstari, akawaunganisha shingo kwa kamba ya katani, na mmoja akapewa fimbo awe bwana. Watoto walicheka sana. Aliyekuwa wa mwisho katika kamba hakucheka. Alikuwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya watu, asiye na wazazi, na wenzake walimchagua wenyewe awe mtumwa. Mwalimu hakuona, kwa kuwa alikuwa akisimamia mchezo. Badala ya hayo, choreni ramani uwanjani kwa majivu: Ziwa letu juu, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Kilwa, Unguja. Toka Ujiji hata Bagamoyo ni kama kilometa 1,200, kwa miguu, na mzigo kichwani. Mtoto mmoja aitembee njia hiyo ya majivu polepole, mwingine asome habari za Swema.

Kwa mwezi wa Februari wako watakatifu na mashahidi wa kutosha. Bakhita, msichana wa Darfur aliyezaliwa karibu na mwaka 1869, aliibwa akiwa mdogo, na hofu ikamsahaulisha hata jina lake alilopewa na mama. Bakhita ni jina la waliomwiba, maana yake mwenye bahati. Alikufa Italia mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000, na sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kuwaombea watu wanaouzwa hata sasa. Na tunaye wa kwetu, Adriani Atiman. Aliibwa mtoto karibu na mto Niger, akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea uganga Malta, akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini huko hata alipokufa mwaka 1956. Wako wazee nchini humu waliomwona kwa macho yao. Siku hiyo ya Bakhita yafaa pia kuwaambia wasichana wakubwa kwamba Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara ya watu, nayo yamhusu hata shangazi wa kubuni ajaye kijijini kutafuta binti wa kazi za ndani Mwanza au Nairobi, asiyetaka kutaja mshahara wala anwani.

Mwisho, wazee. Mwalimu akitaka mzee aje darasani, asitume mtoto na kikaratasi. Aende mwenyewe, aamkie, akae, aeleze anachotaka siku mbili mbele. Maswali yawe haya: Bibi yako alikusimulia njaa gani? Walikula nini? Walikwenda upande gani kutafuta chakula? Nani alirudi, nani hakurudi? Asimwulize mbele ya watoto ni ukoo gani ulionunua au kununuliwa, kwa kuwa wajukuu wa wote wawili wamo darasani, pengine katika dawati moja. Na mzee naye aambiwe kwa heshima kwamba ana nusu saa. Wazee wetu wa Kikurya wakifika kwenye habari za ng'ombe waliochukuliwa na Wamasai, hawarudi tena kwenye njaa, na kengele ya chakula hulia nao bado wako ng'ambo ya mto Mara.